Jinsi ya kufanya hesabu za nishati mwendo: kutoka kipande cha nondo hadi basi la Mlima Kitonga

Wanafunzi wengi wanaoanza fizikia huikariri kanuni ya nishati mwendo, ½mv² (nusu ya tungamo m mara kasi v kipeo cha pili), bila taabu, kisha hukwama wanapopewa swali la kwanza lenye breki, mteremko au mgongano. Kwa jinsi ninavyoona ninapofundisha mada hii, kinachowakwamisha mara nyingi si hesabu yenyewe, bali ni kuandika mlinganyo kabla ya kuamua ni nishati ya vitu gani wanayoihesabu, na kati ya wakati upi na upi.

Hatua ya 1: Jiridhishe kwanza kuhusu kipeo cha pili cha kasi

Chukua kipande kifupi cha nondo kilichokatwa bapa mwishoni, bomba la plastiki ambalo nondo hiyo inapita bila kukwama, na bonge la udongo laini wa mfinyanzi. Simamisha bomba juu ya udongo ili nondo isilale inapoanguka, kisha iachie kutoka kimo cha sentimita 25 na upime kina cha shimo. Sogeza bomba mahali pengine kwenye udongo uleule na urudie kutoka sentimita 100. Katika kimo cha kwanza nondo hufika chini kwa kasi ya takriban mita 2.2 kwa sekunde, na katika kimo cha pili takriban mita 4.5 kwa sekunde. Kasi imeongezeka maradufu tu, lakini utakuta kina cha shimo kinakaribia kuwa mara nne.

Jambo hili liliwahi kuzua mabishano makali huko Ulaya. Katika miaka ya 1720, Willem 's Gravesande wa Uholanzi aliangusha mipira ya metali kwenye udongo laini na kuona kwamba mipira yenye ukubwa sawa lakini tungamo tofauti iliacha mashimo yanayolingana, mradi kimo kipunguzwe kwa uwiano uleule ambao tungamo limeongezeka. Émilie du Châtelet wa Ufaransa aliitetea hoja kwamba nishati hufuata kipeo cha pili cha kasi katika maandishi yake ya mwaka 1740, dhidi ya waliodai kwamba kuzidisha tungamo kwa kasi pekee kunatosha. Ile nusu iliyo mwanzoni mwa kanuni ilikuja baadaye, pale Gaspard-Gustave de Coriolis alipoihusisha nishati hiyo na kazi inayofanywa na kani, mwaka 1829.

Hatua ya 2: Badili vipimo kabla ya kugusa kanuni

Tungamo liwe katika kilogramu na kasi katika mita kwa sekunde. Kilomita kwa saa hugawanywa kwa 3.6. Jibu litatoka katika jouli. Kwa kuwa kasi inapandishwa kipeo cha pili, anayesahau kugawanya kwa 3.6 hupata jibu lililozidi karibu mara 13.

Hatua ya 3: Taja mfumo na nyakati mbili

Andika kwa maneno, juu kabisa ya karatasi, vitu vilivyomo ndani ya mfumo wako, wakati wa mwanzo na wakati wa mwisho. Taja pia kasi inapimwa kwa kulinganisha na nini, maana abiria aliyeketi ndani ya basi ana nishati mwendo sifuri kwa kulinganisha na kiti chake, ingawa si sifuri hata kidogo kwa kulinganisha na barabara. Ukishafanya hivyo, kanuni ya uhifadhi wa nishati inakuwa hesabu ya kuingia na kutoka: jumla ya mwanzo, ukiongeza iliyoingia na kutoa iliyotoka, lazima iwe sawa na jumla ya mwisho.

Hatua ya 4: Tafuta nishati inayoonekana kupotea

Hapa ndipo ninaposhauri utumie muda mwingi. Chukua basi la tani 15 linalotoka Iringa na kushuka Mlima Kitonga kuelekea Morogoro, likienda kwa kasi isiyobadilika ya kilomita 30 kwa saa, na tuseme limeshuka kimo cha mita 300. (Tarakimu hizi nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi, na mvutano wa dunia nimeuchukua kuwa 10.) Nishati tuli (ile inayotokana na kimo: tungamo × mvutano × kimo, yaani mgh) iliyopungua ni 15,000 × 10 × 300, yaani jouli milioni 45. Nishati mwendo ya basi kwa kasi hiyo ni kama jouli 520,000 tu, na haikubadilika hata kidogo, kwa sababu kasi haikubadilika.

Je, zile milioni 45 zimekwenda wapi? Kama zote zingegeuka kuwa nishati mwendo, basi lingefika chini likiwa na kasi ya takriban kilomita 280 kwa saa. Kwa kuwa halikufika hivyo, lazima karibu zote ziwe zimegeuka joto katika breki, injini, matairi na hewa. Joto la kiasi hicho linatosha kuchemsha ndoo saba za lita 20 za maji yaliyoanzia nyuzi 25. Dereva mzoefu huanza mteremko akiwa ameingiza gia nzito, ili sehemu kubwa ya nishati hiyo iishie kwenye injini, ambayo ina namna ya kupooza. Anayetegemea pedali peke yake huziachia breki mzigo wote, na harufu ya kuungua inayowafikia abiria ni sehemu ya hesabu hiyohiyo.

Hatua ya 5: Usilazimishe nishati mwendo ihifadhiwe kwenye mgongano

Gari la kilogramu 1,000 linalokwenda mita 20 kwa sekunde likigonga gari jingine la tungamo hilohilo lililosimama, na yote mawili yakanasana, momentamu (tungamo mara kasi) huhifadhiwa, na kasi ya pamoja huwa mita 10 kwa sekunde. Nishati mwendo imeshuka kutoka jouli 200,000 hadi 100,000. Nusu nyingine imekunja bodi na kuwa joto na sauti.

Hatua ya 6: Linganisha hesabu na kipimo

Viringisha gololi kwenye ubao bapa ulioinuliwa sentimita 20, kisha iache ipite mita moja ya meza iliyo sawa huku ukiirekodi kwa kamera ya simu inayopiga picha 30 kwa sekunde. Kanuni ya ½mv² = mgh inatabiri mita 2 kwa sekunde, yaani picha 15; utahesabu karibu 18. Wanafunzi hukimbilia kuulaumu msuguano, lakini gololi inayoviringika bila kuteleza hupoteza kidogo sana kwa njia hiyo. Gololi inazunguka pia, na mzunguko huo hubeba sehemu mbili kati ya saba za nishati mwendo yake yote, kwa hiyo kasi ya kwenda mbele hupungua hadi takriban mita 1.7 kwa sekunde.