Video inaganda kila dakika nne? Cheki IGMP kwenye ruta

Hapa Tanga siku hizi, Raskazone mpaka Makorora, nyumba moja utakuta TV mbili tatu, sasa mtu anachukua kompyuta ya sebuleni anarusha video ya harusi kwa VLC (programu ya kuchezea video) kwenda anwani 239.1.1.1, na TV ya chumbani kwa bibi inafungua udp://@239.1.1.1:1234 nayo inaonyesha. Hiyo ndo multikasti. Ni kama grupu la WhatsApp, kompyuta inatuma mara moja tu na wanaopata ni waliojiunga. Anwani zake ni 224.0.0.0 mpaka 239.255.255.255.

Kujiunga ni kazi ya IGMP, ndo lugha ya TV na ruta kuambizana nani yumo kwenye grupu. TV inatuma ripoti kwamba nimo, ikitoka inaaga, ila umeme ukikatika nani ataaga? Ndo maana ruta inauliza upya, kwa kawaida kila sekunde 125, asiyejibu anafutwa.

Haya, fungua 192.168.1.1 au 192.168.0.1 (cheki chini ya ruta), ingia LAN au Advanced, tafuta IGMP Snooping (ruta inasikiliza ripoti, inaweka orodha ya waliojiunga na kuwapelekea hao tu), washa. Ikiwa imezimwa video inamwagwa kila tundu na kwenye waifai pia, na waifai mara nyingi inatuma multikasti kwa spidi ya chini kabisa, kwa hiyo nyie mnaangalia harusi shangazi huko hata voisi noti haifunguki.

Sasa mtego wenyewe uko hapa. Video inaanza safi, dakika nne na kitu inaganda, ukifunga ukafungua inarudi, dakika nne tena chali. Watu wanalaumu TV, wengine wananunua waya mpya bure! Hiyo ni snupingi ipo ila muulizaji hayupo, hakuna anayeuliza kwa hiyo TV hairipoti tena, sekunde 260 zikipita inafutwa kwenye orodha. Inatokea sana ukiongeza switchi yako (kile kiboksi cha kuongeza matundu ya waya). Washa IGMP Querier, ndo huyo muulizaji, kwenye ruta au switchi, hata ukiwasha kote hakuna ugomvi, yenye IP ndogo ndo inashika kazi. Hakuna hiyo setingi? Zima snupingi, TV zote ziende kwa waya, waifai ndo itaumia.

IGMP Proxy achana nayo kama video inatoka humo humo ndani, hiyo ni ya kuvuta chaneli kutoka nje kwa kampuni ya intaneti. Na kama simu haioni TV kabisa, kabla hujagusa chochote angalia isije ikawa iko kwenye waifai ya wageni.