Jinsi ya kuomba feloshipu ya uandishi kwa walimu, kuanzia tangazo mpaka mkataba

Walimu wenzangu, hili swali nimeulizwa na wengi kwa hiyo naliandika lote mara moja. Feloshipu ya uandishi ya walimu ni programu ambayo wahariri wanachagua walimu wachache, wanafanya nao kazi miezi kadhaa, we unaandika yale yanayotokea darasani kwako, mhariri anakusaidia kuinoa insha, inachapishwa kwa jina lako na mara nyingi unapewa posho. Huachi kazi. Nyingi zinaendeshwa kwa intaneti jioni au wikiendi maana wanajua una vipindi na madaftari ya kusahihisha.

Na wazo la kuwaketisha walimu waandike sio jipya, mwaka 1974 kule Berkeley, California, James Gray alianzisha mradi ambao baadae ukakua ukawa National Writing Project ya Marekani, msingi wake ni kwamba mwalimu anayefundisha kuandika na yeye aandike, na kwamba mwalimu anajifunza vizuri kwa mwalimu mwenzie. Mimi hilo naliamini kabisa. Mambo ya darasani yanaandikwa sana na watu ambao hawajashika chaki miaka mingi, ndo maana nataka muombe.

Haya tuanze. Soma tangazo lote, sio kichwa tu, lisome mara mbili na kalamu mkononi. Angalia nani anaruhusiwa, kuna wanaotaka mtu anayefundisha darasani muda huu, wengine wanapokea hadi wakutubi, washauri nasaha na wakuu wa shule. Angalia kama wanapokea watu wa nchi yoyote. Halafu deadlaini, hapa watu wanaumia. Ukiona 5:00 PM hiyo ni saa kumi na moja jioni, sio saa tano, na ni saa kumi na moja ya wao sio ya kwako. Wakiandika UTC, yaani saa ya kimataifa, ibadilishe kwanza iwe saa za ulipo. Wakiandika AoE (Anywhere on Earth, popote duniani) maana yake ni UTC-12, masaa kumi na mawili nyuma ya UTC, yaani siku haijaisha mpaka iishe kila mahali duniani, hapo una masaa ya ziada ila usiyategemee, tuma siku mbili kabla, mtandao ukigoma usiku wa mwisho hakuna wa kumlilia.

Sasa kisa chenyewe, yaani tukio la darasani utakaloliandika kwenye insha ya maombi, na hapa ndo pa kukaa muda mrefu kuliko kote.

Mara ya kwanza kuomba nilikataliwa. Nilikuwa nimejaza kurasa mbili za umuhimu wa elimu na changamoto za mwalimu, yote kweli, lakini hamkuwa na mtoto hata mmoja mle ndani. Mara ya pili nikaandika kuhusu mwanafunzi wangu aliyekuwa anaandika sentensi anafuta, anaandika anafuta, mpaka karatasi ikatoboka, akaweka kiganja juu ya lile tundu nisilione. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kalamu nyekundu. Nikaandika kwamba niliirudisha kalamu mfukoni, na nikaandika na kile kilichoniuma, kwamba wiki mbili kabla nilikuwa nimesoma makosa yake kwa sauti mbele ya wenzie. Basi, kisa ni hicho, dakika nne za kipindi kimoja. Nilichaguliwa.

Kwa hiyo usitafute jambo kubwa. Tafuta dakika ambayo bado unaifikiria ukiwa unaoga. Kama huna kwa sasa, chukua daftari dogo na kila siku kipindi cha mwisho kikiisha andika mistari mitano kabla hujatoka darasani, nani alisema nini, kwa maneno yake yale yale, alikuwa ameshika nini, we ulijibuje. Wiki mbili tu utakuwa na visa vya kuchagua. Na usijifanye shujaa kwenye kila kisa, wahariri wanapenda mwalimu anayekubali kwamba alikosea na anaonyesha alibadilika wapi, nami naona ni haki, maana darasani ndo hivyo hivyo.

Tangazo likitaka wazo la makala badala ya insha nzima, wape aya mbili. Ya kwanza tukio lenyewe, ya pili swali linaloibuka na kwanini mwalimu wa mbali ambaye hamjui mtoto huyo atajali. Wakitaka vyote viwili usirudie kisa kimoja, onyesha una zaidi ya kimoja.

Kabla hujaenda mbele, mtoto. Hapa naomba mnisikilize kweli. Kubadilisha jina peke yake haitoshi. Darasa likiwa na mtoto mmoja tu anayetumia kiti cha magurudumu, hata umwite jina gani shule nzima inajua ni nani. Badilisha au acha vitu vinavyomtaja, umri, ugonjwa, kazi ya mzazi, mwaka wenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 16, unalinda faragha ya mtoto, na nchi nyingi zina sheria zake juu ya hapo, Marekani wana sheria ya FERPA ya 1974 inayolinda kumbukumbu za shule kama alama, Umoja wa Ulaya wana GDPR, sheria ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika 2018. Tafuta ya kwenu inasemaje. Ila hata sheria isiposema kitu, omba ruhusa ya mzazi kwa maandishi na muulize mtoto mwenyewe. Mimi nilimsomea yule mwanafunzi insha yote, mama yake akiwepo, akanyamaza kidogo akasema, "Mwalimu, andika kwamba sikulia." Nikaongeza. Na hapa pia namtaja kwa ruhusa yao wote wawili. Hilo ombi lake lilifanya insha iwe ya kweli kuliko nilivyokuwa nimeiandika.

Mwajiri nae. Soma mkataba wako wa kazi, sehemu nyingi mtumishi haruhusiwi kuandika kuhusu kazi yake bila kibali, kwa hiyo muone mkuu wako mapema, mueleze unaomba nini, na akikubali mwambie aandike barua fupi hata ya mistari mitatu.

Fomu yenyewe ni rahisi. Andika majibu kwanza kwenye dokumenti yako pembeni ndo ukabandike, fomu zingine zikikaa sana zinajifunga na kila kitu kinapotea. Wakisema maneno 300 ni 300, sio 340. Swali la kwanini wewe lijibu kwa kile unachokiona darasani ambacho wengine hawakioni, kwa mfano unafundisha madarasa mawili kwa pamoja, au wanafunzi wako wanasoma kwa lugha ambayo nyumbani haisemwi. Sivii (CV, maelezo ya elimu na kazi zako) ukurasa mmoja inatosha. Wadhamini, yaani watu wa kukuandikia barua ya kukupendekeza, waombe wiki tatu kabla na uwape nakala ya insha yako, ukimuomba mtu juzi na barua inatakiwa leo atakuandikia maneno ya jumla.

Kama wanataka Kiingereza, andika kwanza kwa lugha ambayo kisa kilitokea halafu ndo uhamishe, na maneno ya mtoto yaache alivyoyasema, tafsiri iweke baada yake. Na siku hizi wengi wanauliza kama umetumia akili mnemba, jibu ukweli. Mimi ushauri wangu kisa kiandike mwenyewe, we ndo ulikuwepo mle darasani.

Faili hifadhi kwa PDF, lipe jina lako na neno insha, sio "mpya mwisho kabisa 2". Ukishatuma piga skrinshoti ya ule ujumbe wa kuthibitisha na uangalie imeili hadi kwenye spamu. Ukiona wanadai hela nyingi ili wakupokee, simama kwanza uwachunguze, programu ya kukulipa posho haina sababu ya kukutoza.

Ukipita kuna mahojiano mafupi, halafu mkataba. Usome. Angalia haki ya kuchapisha inabaki kwa nani na kwa muda gani, kama unaweza kuitumia insha tena baadae, posho inalipwa lini, na kama utaonyeshwa mabadiliko kabla haijatoka. Uliza na nani anachagua kichwa cha habari, maana kwa kawaida ni wahariri na sio wewe. Mimi niliomba nikione kabla. Walikuwa wameandika "Mtoto asiyejua kuandika." Nikawaambia huyu anajua kuandika, tatizo lilikuwa mimi na ile kalamu, wakaelewa, ikatoka "Mtoto aliyekuwa anafuta."