Namna ya kupata dawa ya elmu telezi bila kuua mti

Ukitafuna gome la ndani la mti huu, kinywa kinajaa ute kama umekula mlenda. Ute huo ndio dawa. Mti wenyewe ni Ulmus rubra, asili yake mashariki ya Amerika ya Kaskazini, na Wacherokee na Wairokwa, wenyeji wa asili wa huko, waliutumia kwa koo na vidonda.

Hatua ya 1: Utambue. Jani hukwaruza kama msasa. Machipukizi yake wakati wa baridi yana vinyweleo vya rangi ya kutu. Elmu ya Marekani, mti wa jamii yake, haina vinyweleo hivyo. Gome la ndani likikauka linanukia uwatu, harufu ambayo wapishi wa pwani wataijua mara moja.

Hatua ya 2: Chukua tawi, shina usiliguse. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome hilo, kwa hiyo shina likimenywa kuzunguka, mti hufa ukiwa umesimama. Nimekuta shina limemenywa hadi juu ya kichwa changu, na bado linaniuma. Miti hii tayari inateketezwa na ugonjwa wa kuvu ulioingia Marekani karibu 1930, unaoenezwa na mbawakawa wa magome. Jeraha bichi wakati wa joto huwavuta mbawakawa hao. Ndiyo maana mimi hupendelea tawi lililoangushwa na dhoruba siku hizo hizo, au hukata mwishoni mwa baridi, ingawa wakati huo gome linabanduka kwa shida.

Hatua ya 3: Kwangua gome la nje, menya la ndani, kausha kivulini. Lina nyuzi ngumu, hivyo likate vipande vidogo kwa mkasi kabla ya kusaga.

Hatua ya 4: Koroga kijiko 1 cha chai cha unga kwa maji baridi kidogo, kama unavyoanza uji, la sivyo utapata madonge. Ongeza kikombe cha maji moto, subiri dakika 10, unywe polepole. Ute unatanda kooni na kutuliza mwasho.

Ute huo unaweza pia kuchelewesha dawa nyingine kufyonzwa mwilini, kwa hiyo ziachanishe kwa saa 2. Mjamzito asitumie: gome zima liliwahi kutumika kutoa mimba, tena kwa hatari kubwa. Na kikohozi kikizidi wiki 3, au ukiona damu, nenda hospitali.