Kitufe Kisipoitika: Namna ya Kuchunguza na Kuripoti

Maombi ya basari yanapofunguliwa, saiba za hapa Kisumu hujaa wazazi na wanafunzi, na hakosi mmoja anayekwama kwenye ukurasa wa mwisho, akibofya kitufe cha kutuma bila kuona lolote likitokea. Nimeketi na wengi wa namna hiyo, na jambo la kwanza ninalowasihi ni kuacha kubofya. Mtandao ukiwa mzito, huenda ombi la kwanza bado liko njiani, na kila mbofyo wa ziada waweza kuwa ombi jingine au, penye ada, malipo mengine.

Subiri kama dakika moja, kisha kagua fomu kuanzia juu. Kitufe kilichofifia rangi mara nyingi kimefungwa makusudi kwa sababu kuna nafasi ya lazima iliyoachwa wazi, au nambari ya simu imeandikwa kwa +254 ilhali fomu inataka ianze kwa 07. Ukiona kila kitu ni sawa, nakili majibu yako marefu mahali pengine, maana yanaweza kufutika, ndipo upakie ukurasa upya. Kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja ili kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kisikurudishie nakala ya zamani.

Mwenye simu achunguze kivinjari chenyewe. Opera Mini, inayopendwa kwa kuokoa bando, inapobana data sana hupitisha kurasa kwenye seva zake, na JavaScript, yaani msimbo unaoendesha vitufe vingi, huenda isifanye kazi ipasavyo. Jaribu Chrome au Firefox, katika dirisha la faragha (Incognito au Private). Kitufe kikiitika huko, tatizo liko kwenye kivinjari chako au mipangilio yake; kisipoitika popote, hata kwa simu ya mwenzako, yaelekea kasoro ni ya tovuti.

Hapo andika ripoti. Neno "haifanyi kazi" pekee halimsaidii fundi, kwa kuwa ni lazima aione kasoro hiyo kwa macho yake ndipo airekebishe. Mpe anwani kamili ya ukurasa, jina la kitufe, hatua ulizofuata kwa mpangilio, ulichotarajia, kilichotokea, saa, aina ya kifaa na toleo la kivinjari. Kwenye kompyuta, bonyeza F12, fungua sehemu iliyoandikwa "Console", bofya kitufe mara moja, kisha unakili maandishi mekundu yatakayojitokeza, ambayo mara nyingi hutaja faili na mstari wenye hitilafu. Ambatisha picha ya skrini, lakini ufiche kwanza nambari ya kitambulisho, na nenosiri usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ndiye fundi. Tarehe ya mwisho ikiwa karibu, hifadhi nakala ya ripoti hiyo inayoonyesha siku na saa uliyoituma.