Kupima sangara kwenye soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, kabla hujatoa hela

Mimi natembea na mti wa fagio niliouchora rangi ya kucha kwenye sentimita 50, kimo cha chini cha sangara kinachoruhusiwa kisheria. Mlaze sangara kwenye turubai, upime toka mdomoni hadi ncha ya mkia. Asipoifikia rangi, mwachie mwenyewe. (Sato anaanzia 25.) Muuzaji atakwambia, "Mama, huyu kajikunja tu na barafu." Mnyooshe.

Kichwa kimekatwa? Achana naye, huna tena pa kupimia. Ila kayabo (sangara mkavu wa chumvi) ndiyo mtego hasa: sangara wachanga hupasuliwa, hutiwa chumvi, wakikauka hujui kimo. Mwaka juzi nilinyang'anywa magunia mawili njiani kwa hilo. Siku hizi namwaga gunia lote chini, maana wakubwa hupangwa juu.