Jinsi ya kuunganisha loji za Order of the Arrow mabaraza yenu yakishaungana

Wazazi na vijana wa skauti mlioko Marekani, baraza lenu (chombo kinachosimamia skauti wa eneo lenu) likiunganishwa na la jirani basi na loji zenu za OA (Order of the Arrow, chama cha heshima cha skauti, na loji ni tawi lake kwenye baraza) itabidi ziungane, sababu kawaida baraza moja lina loji moja tu. Chicago ilitokea 2015, mabaraza manne yakawa Pathway to Adventure, na loji zao, Owasippe ikiwemo, zikaishia kuwa moja inaitwa Takhone.

Kwanza subirini neno la mkurugenzi wa baraza jipya, yeye ndo mwenye mamlaka ya juu ya loji na ndo anamteua mshauri, yaani mtu mzima anayewaongoza vijana wa loji, msianze kushonesha beji kabla hajaongea. Akishatoa ruhusa undeni kamati. Kila loji ilete vijana idadi sawa hata kama moja ni kubwa mara tano, jamani hapa ndo panapoharibika, ile ndogo ikiona imemezwa watu wake hawagombani wala nini, wanaacha tu kuja kambini. Mwenyekiti awe kijana. Kura ni za walio chini ya miaka 21 peke yao, sisi watu wazima hatuna kura, kwaiyo tusiwasemee.

Halafu jina na nembo. Mimi nashauri majina yote ya zamani yawekwe pembeni mtafute jipya, na mkitaka neno la lugha ya wenyeji asilia wa hapo nendeni mkaongee na wenyewe, msiokote tu mtandaoni. Ile beji ya loji inayoshonwa kwenye kifuniko cha mfuko wa kulia wa shati nayo msiichukulie poa, vijana wanazikusanya na kubadilishana miaka na miaka, itisheni michoro kutoka kila loji waipigie kura.

Baada ya hapo kanuni za loji, na uchaguzi wa chifu, yaani kijana anayeongoza loji, na viongozi wenzake. Hela zinakaa kwenye akaunti ya baraza kwaiyo kaeni na mhasibu wao, na vitu vyote viorodheshwe mpaka masufuria.

Majina ya wanachama yanaingizwa LodgeMaster, mfumo wa OA wa kumbukumbu za wanachama, kagueni moja moja, maana mtu hashuki daraja kisa loji zimeungana. Madaraja yanaonekana kwenye mshipi mweupe wa OA unaovaliwa begani: mwenye mshale mwekundu mtupu ni Ordeal, mshale wenye mstari kila mwisho ni Brotherhood, ukiwa na pembetatu katikati huyo ni Vigil, mtoto aliyehangaikia daraja lake akikuta ameandikwa la chini inamuuma sana.

Fomu ya chata, yaani hati ya kuitambua loji, ndo ya mwisho, inajazwa upya kila mwaka, hakikisheni chifu, mshauri na mkurugenzi wote wamesaini. Na wale waliochaguliwa na wenzao waingie OA kabla ya kuungana ila hawajafanyiwa Ordeal, ile shughuli ya kuingizwa, wapangieni wikiendi yao mapema, nafasi yao ina muda wa kuisha.