Kabla Hujapandisha Twelfth Night Jukwaani Hapa Mwanza

Kama kikundi chenu kimeamua kuichukua Twelfth Night ya Shakespeare na kuileta mwambao wa Ziwa Victoria, kwa nguo za leo na simu za mkononi, mmechagua vizuri. Mchezo huu ulichezwa London tangu 1602, lakini kisa chake kinakaa hapa bila kulazimishwa. Mapacha wawili, Viola na Sebastian, wanapotezana kwenye ajali ya meli. Dada anaamini kaka amekufa, anavaa nguo za kiume, anaajiriwa na tajiri Orsino na kumpenda kimyakimya, na kazi anayopewa ni kupeleka posa za tajiri huyohuyo kwa Olivia. Olivia naye anamkataa tajiri, anampenda mjumbe. Basi kabla fundi hajakata ubao hata mmoja, kaeni chini mmalizane na haya.

Vibali kwanza. Mwoneni afisa utamaduni mapema, mswada ukiwa umekamilika, si wiki ya onyesho. Shakespeare alifariki 1616, maandishi yake hayana wa kudai. Tafsiri ya Kiswahili ina mwenyewe, kwa hiyo kama hamjatafsiri wenyewe, ombeni ruhusa kwa maandishi.

Ukumbi upimwe kwa tepu, si kwa macho, na upimwe viti vikiwa ndani.

Kisha amueni dunia moja na mbaki humohumo. Orsino akiwa mfanyabiashara mkubwa wa sangara, basi hata kiti chake, simu yake na vijana wake wa kazi vitoke kwenye dunia hiyo. Msimpe joho la kifalme katika tukio la tatu kwa sababu tu mtu amejitolea kuazima joho. Nyumba ya Olivia ndiyo inayokosewa zaidi. Wabunifu wengi huijaza makochi na maua kwa kuwa ni nyumba ya tajiri. Wanasahau kwamba Olivia amefiwa na kaka yake na ameapa kujifunika uso miaka saba. Ile ni nyumba ya msiba. Tandikeni mikeka, wekeni turubai na viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani, na kanga zilizofungwa vichwani. Hapo mtazamaji wa Mwanza ataelewa mara moja kwa nini posa za Orsino zinaudhi, na kwa nini mjomba Toby kulewa usiku kucha ndani ya nyumba ile ni aibu kabla ya kuwa kichekesho.

Majina mkitaka kuyabadilisha, Kulwa na Doto wapo tayari. Kwa Wasukuma wa kwanza kuzaliwa ni Kulwa, wa pili Doto, awe mvulana au msichana, na hakuna atakayehitaji kuelezwa kwamba hawa ni mapacha.

Maleba ya hao mapacha yashonwe, yasinunuliwe. Toby na rafiki yake Andrew unaweza kuwavalisha kwa mitumba ya Mlango Mmoja na wakapendeza, lakini kwenye mitumba hupati mashati mawili yanayofanana, na mchezo mzima umesimama juu ya mashati hayo. Viola mwenyewe anasema amejivika kwa kumwiga kaka yake, rangi na mapambo. Nunueni kitambaa cha jora moja, fundi mmoja ashone, na yafuliwe pamoja ili yapauke pamoja. Nimeona shati la Viola limefuliwa kila siku na la Sebastian limetundikwa tu kwa kuwa anaonekana mara chache. Ilipofika tukio la mwisho lilikuwa bluu na bluu nyingine, na watu wakaanza kunong'ona.

Soksi za njano za Malvolio nazo zifikiriwe. Huyu ni msimamizi wa nyumba ya Olivia, anayedanganywa kwa barua avae soksi za njano zilizofungwa kamba za kukatizana, rangi ambayo bibi yake haipendi hata kuiona. Kwetu njano haiji peke yake. Ikikaa karibu na kijani, nusu ya ukumbi itaona Yanga, nusu itaona chama, na kelele zitakazopigwa si za Malvolio. Iwekeni njano yenyewe, kali, mbali na kijani chochote jukwaani, hata jani la plastiki.

Kwenye tukio la barua hiyo kuna watu watatu wanaojificha bustanini wakimchungulia. Tumieni miamba; mji umetupa picha hiyo bure. Tengenezeni kwa waya wa kuku na magunia yaliyopakwa gundi, iwe mifupi ya kufika kifuani, kwa sababu waliojificha wanafichwa kwa Malvolio, hawafichwi kwa mtazamaji. Mtazamaji akikosa nyuso zao amekosa tukio lote.

Sasa meli, na hapa nawaomba msome polepole.

Waongozaji wengi wa siku hizi hupenda kufungua mchezo kwa ajali yenyewe. Niliwahi kuitwa kusimamia taa kwenye onyesho la namna hiyo hapa mjini. Ukumbi ulitiwa giza, ikapigwa honi ya meli, halafu spika zikaachia mayowe, vyombo kuanguka, maji. Vijana wakatikisa kitambaa cha bluu jukwaa zima, na katikati ya mawimbi yakarushwa majaketi okozi ya rangi ya chungwa. Kama ufundi, ilikuwa kazi safi.

Usiku wa kwanza, mayowe yalipoanza tu, mama mmoja wa makamo katika safu za mbele aliinuka. Hakusema kitu. Alishika mgongo wa kiti, kisha wa kiti kingine, akielekea mlangoni gizani, na mkoba wake ukabaki sakafuni. Wanawake wawili wakamfuata. Mzee mmoja naye akatoka, kofia mkononi. Taa zilipowaka, Toby akaingia na ulevi wake. Waigizaji walitoa kila walichokuwa nacho, na hakuna aliyecheka mpaka mapumziko. Nilimpelekea yule mama mkoba wake nje, nikamkuta ameketi kwenye ngazi. Akaniuliza kama huyo kaka wa kwenye mchezo anarudi. Nikamwambia, anarudi, mama. "Basi mngeanzia ufukweni," akasema. "Hilo la majini tunalijua."

MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Makaburi yao yapo Igoma mpaka leo. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Katika ukumbi wowote wa mji huu, hata wa viti hamsini, chukulia kwamba yumo aliyezika, au aliyekosa hata wa kuzika. Huyo amelipa kiingilio aje kucheka. Usimzamishie ndugu yake mara ya pili.

Na yule mama alisema kile ambacho Shakespeare mwenyewe alifanya. Kwenye maandishi ajali haionyeshwi. Mchezo unaanza kwa muziki nyumbani kwa Orsino, na katika tukio la pili Viola yuko nchi kavu tayari, anauliza hapa ni wapi, na nahodha anamwambia alimwona kaka yake akijifunga kwenye mlingoti uliokuwa unaelea. Basi. Matumaini yote ya mchezo yanatoka kwenye maneno hayo machache. Lile onyesho lilibadilishwa kesho yake: kitambaa kikakunjwa, spika zikanyamaza, Viola akaingia na kanga iliyolowa na ndala moja mkononi. Ukumbi ulitulia, na Toby alipokuja, watu wakacheka kwa mioyo yao.

Kwa sababu hiyohiyo, msiharakishe kukutana kwa mapacha. Wale wawili hawakimbiliani. Wanaulizana kwanza: baba yangu alikuwa na baka kwenye paji la uso, wangu pia, alifariki siku Viola alipotimiza miaka kumi na mitatu. Wapeni mwanga mweupe wa kutosha, wasimame mbali, muziki usiwepo. Na ratiba yenu isiangukie tarehe zile mbili.

Mkicheza nje, angalieni mwezi. Wadudu wa ziwani hutoka kwa mawingu zaidi siku za mwandamo, na taa ya jukwaa ndiyo wanayoifuata. Mwigizaji hawezi kuimba wadudu wakimwingia kinywani. Tundikeni taa moja kali mbali na jukwaa iwavute huko. Upepo nao hupiga pazia la nyuma likawa tanga, kwa hiyo lifungwe chini pia, si juu tu.

Umeme ukikatika jenereta iwe na mafuta na mtu wake, asiwe mwigizaji. Nyaya zisipite wanapopita watoto. Mishumaa ya chumba cha giza anamofungiwa Malvolio isiwe ya moto wa kweli karibu na magunia yale ya miamba. Sindano, uzi na pini viwe nyuma ya jukwaa kila usiku. Maji ya kunywa pia. Pesa za kiingilio zishikwe na watu wawili. Na anzeni mapema, kwa maana mtu wa Buhongwa au Kisesa akianza kuwaza daladala ya mwisho, hatauona ule mwanga mweupe mliouandaa.